Kufuli Langu na Vifaranga wa Namba Sita

Kufuli lilinigharimu shilingi 450 kwenye hadiwea ya hapa Free Area, Nakuru. Katika gharama zote nitakazozitaja, hiyo ndiyo iliyokuwa ndogo.

Mpangaji wa chumba namba sita kwenye ploti yangu alikuwa na deni la miezi minne. Bedsita ni 6,500 kwa mwezi, inalipwa tarehe 5, na kufikia Julai nilikuwa namdai 26,000. Si mtu mbaya, huyu kijana. Mkikutana getini anakusalimia vizuri, anaulizia mgongo wako, anakupokea mzigo. Ukigusia kodi anasema, "Mzee wangu, Ijumaa." Hajawahi kusema ni Ijumaa gani.

Juni nilimpa notisi ya siku saba. Niliiandika kwa kalamu nyekundu nikidhani rangi inaongeza uzito wa sheria. Siku ya nane alinirudishia ile karatasi akisema huenda niliiangusha mlangoni pake.

Basi Jumamosi, tarehe 12 Julai, keateka, mtunza ploti, akanipigia: namba sita ametoka alfajiri na begi, anaelekea Kakamega matangani. Nikasema leo ndiyo leo. Saa nne nilikuwa mlangoni. Kufuli lake lilikuwa limening'inia hapo, nami nikapitisha langu kwenye pete ileile, nikaliminya, ka! Nikamwambia keateka, "Halitoki hili mpaka 26,000 iingie kwa simu." Nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Saa mbili usiku akapiga tena. "Mzee, nyumba inalia."

"Inalia vipi?"

"Chwi, chwi, chwi. Yote."

Nilipofika, wapangaji walikuwa wamejipanga nje na mablanketi mabegani kama watu wanaongoja matokeo ya kura. Pazia lilikuwa limeacha upenyo wa vidole viwili. Nikachungulia. Chumba chote kilikuwa chekundu, balbu ya joto imening'inizwa katikati kwa waya. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani, na sakafuni, ndani ya duara la kadibodi lililotandazwa maranda, walikuwepo vifaranga. Mimi ni mtu wa Nakuru, ndege wengi nimewaona, wale wa waridi ziwani, maelfu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama hivyo. Vyombo vya maji vilikuwa vikavu. Sahani ya chakula ilikuwa na maranda matupu.

Mama wa namba tano, ambaye kwao wanafuga, aliwakadiria kuwa mia na themanini, wa siku kumi na mbili hivi. "Hawa wanakula karibu kilo tatu na nusu kwa siku," akasema. "Na usiku huu wa Julai wakikosa joto wanarundikana kona moja. Wa juu wanapata joto, wa chini wanakosa hewa. Asubuhi unachota kwa beleshi."

Nikatoa ufunguo wangu, nikafungua kufuli langu kwa heshima zote. Mlango haukufunguka. Lile lake bado lilikuwa pale, na ufunguo wake ulikuwa Kakamega, kwenye simu inayosema mteja hapatikani.

"Tukate," nikasema.

Hapo akajitokeza mzee wa namba mbili. Ni karani mstaafu wa mahakama, huwa haongei, lakini usiku huo alikuja na kiti chake.

"Kata," akasema. "Ila ukishaingia bila mwenyewe, runinga yake ikipotea, iwe leo au mwezi ujao, atakayeulizwa ni wewe. Hata dalali mwenye leseni, yule anayekamata mali za wadaiwa, hafungui mlango uliofungwa kwa neno la landilodi. Anaomba amri kortini, anapewa polisi wa kumsindikiza."

"Lakini nyumba ni yangu!"

"Nyumba ni yako, lakini ukaaji ni wake. Kumfungia mtu nje, kung'oa mlango, kutoa mabati, kumkatia maji, hayo yote ni makosa yako wewe, hata akiwa na deni la miaka kumi."

Alikuwa bado anaongea pale wekundu ulipozimika. Tokeni za umeme zilikuwa zimeisha. Balbu ile ni ya wati 250, na ikiwaka mchana na usiku inakula yuniti sita. Haraka nikanunua tokeni za 500 kwa namba ya mita yake, ujumbe ukaja na tarakimu zake ishirini, nikashangilia. Keateka akanikumbusha kwa sauti ya chini kwamba kile kidude cha kubonyezea tokeni kiko ukutani. Ukuta wa ndani.

Kilichofuata kiliendelea hadi alfajiri. Tulibandua puti ya kioo kimoja cha dirisha kwa kisu cha mkate. Kioo kilitoka vizuri kabisa, kikapasuka nilipokilaza chini. Nondo za dirisha haziachi nafasi hata ya sungura, kwa hiyo jerikeni halikupita. Tukajaza maji moto kwenye chupa za soda, tukazivisha soksi, tukaziteremsha kwa kamba moja moja mpaka ndani ya duara. Soksi zilikuwa zangu. Chakula tulikimimina kwa kipande cha bomba la mfereji, mimi nikishika juu, mama wa namba tano akielekeza na tochi: "Kushoto, mzee. Kushoto! Umemmwagia kichwani." Duka la chikimashi, chakula cha vifaranga, tuliligonga saa tano za usiku, kilo kumi kwa 80 kila kilo, mwenye duka akitaka kujua nimeanza kufuga lini. Kila baada ya saa moja na nusu maji yalipoa, tukavuta kamba, tukajaza upya.

Mtoto wa namba tatu ndiye aliyeokoa mambo. Saa kumi hivi alifunga kijiti cha pipi kwenye ncha ya mpini wa ufagio, akaupitisha dirishani, akabonyeza tarakimu ishirini moja baada ya nyingine. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu chumba kikawa chekundu na ploti nzima ikapiga makofi.

Jumapili saa tatu asubuhi wakaja akina mama watatu, mmoja wao akianza kulia akiwa bado barabarani. Ni wa chama, kikundi cha akina mama. Vifaranga ni wao, walimletea namba sita awalee mpaka wiki ya nne kwa shilingi 50 kila kichwa, na karatasi walikuwa nayo, imesainiwa. Jumatatu ndiyo siku ya chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa kuku. Inatiwa kwenye maji ya kunywa, na kabla yake vifaranga hunyimwa maji kwa saa mbili ili wawe na kiu. "Naona kiu umeshawapa," akasema mwenyekiti wao akilitazama kufuli langu mkononi.

Nikamgeukia mzee wa namba mbili, kwa sababu nilikuwa bado na tumaini moja. Si kuna sheria ya kukamata mali kwa kodi?

"Ipo, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya," akasema. "Inakupa haki zilezile alizokuwa nazo landilodi wa Uingereza ya zamani. Lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, na anaanza kwa kuorodhesha mali na kumpa mdaiwa muda wa kulipa. Halafu kuna visivyokamatwa. Nguo zake hapana. Na kitu cha mtu mwingine alicholetewa kwa kazi yake, akishughulikie, hicho hapana kabisa. Kama vile saa kwa fundi saa." Akaelekeza kidole dirishani. "Hao ni saa."

"Kwa hiyo kinachokamatika ni nini?"

Akachungulia kwa muda mrefu. "Runinga. Ndogo. Na ile meza, lakini mguu mmoja ni tofali."

Na dalali akija, ada yake isipotoka kwenye runinga ingenitoka mimi.

Namba sita alirudi Jumatatu saa nne, akafungua kufuli lake, akahesabu. Tisa walikuwa wamekufa, wote kona moja. Sikungoja kuambiwa: 200 kila mmoja, 1,800, nikawapa akina mama. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo. Alinishukuru kwa zile chupa, kisha akaniuliza soksi anirudishie zikiwa zimefuliwa au hivyohivyo.

Nikamwambia hata hivyo ahame. Akasema sawa, ila kwa kuwa huwa anauzia watu mayai na vifaranga pale mlangoni, hiyo si nyumba bali duka, na mpangaji wa duka hupewa notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, na akiikataa anapeleka shauri kwenye baraza la majengo ya biashara. Nilimtazama mzee wa namba mbili. Alikuwa anatazama mawingu. Baadaye nilijua ni nani aliyemfundisha.

Ilibidi tukae chini, sote, kwenye viti vya plastiki. Notisi yangu ya kalamu nyekundu ilitupwa. Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi, na imalizikie siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo notisi ya tarehe 14 Julai haiishi tarehe 14 Agosti, na tarehe 5 Agosti ni karibu mno. Inaishia tarehe 5 Septemba. Mimi na siku zangu saba! Akigoma baada ya hapo, ni mahakamani, si kwa chifu wala kituoni, kwa sababu polisi watataka kuona amri.

Deni ndilo lililonishangaza. Mwenyekiti wa chama ndiye aliyetoa wazo. Ile hela ya ulezi, 50 kwa kila kifaranga atakayefika wiki ya nne, wasimpe kijana, waitume kwangu moja kwa moja. Waliobaki ni 171, maana yake 8,550. Dipoziti ya 6,500 iingie kwenye deni. Ya Julai na nyuma yabaki 10,950, alipe kwa awamu tatu, na ya Agosti ailipe kama Agosti. Tuliandika nakala tatu, kila mtu akasaini, mzee wa namba mbili akawa shahidi na kutoza chai.

Jioni nikafanya hesabu yangu: kufuli 450, chikimashi 800, tokeni 500, kioo na puti 700, vifaranga 1,800. Jumla 4,250. Na kodi ya mapato ya nyumba ni asilimia 7.5 ya kile unachopata, inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, haipunguzwi gharama yoyote. Nilitafuta kwa makini. Hakuna mahali pa kuandika chikimashi.

Kitu kimoja sikukiona wakati wa kusaini. Hela yangu italipwa kwa vifaranga watakaofika wiki ya nne. Atakayekufa ananitoka mimi, shilingi 50.

Basi jana saa saba usiku nilikuwa dirishani tena, tochi mkononi, nikichungulia kama wote wametawanyika vizuri. Namba sita akafungua mlango, akapiga miayo.

"Mzee wangu, nenda ulale. Wameingia wiki ya tatu, leo balbu tunaipandisha juu kidogo."

Nikamuuliza tokeni zimebaki ngapi.

"Za mpaka Ijumaa," akasema.