Wodi za Muhimbili ni za nani: chuo au hospitali?

Simama pembeni mwa kitanda kimoja katika jengo la Mwaisela wakati wa raundi ya asubuhi, uulize kila aliyevaa koti jeupe analipwa na nani. Profesa anayeongoza raundi ni mwajiriwa wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Muuguzi aliyeshika faili ni wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyo chini ya Wizara ya Afya. Anayeandika maelezo ni daktari aliyerudi chuoni kusomea ubingwa, na huenda mwajiri wake ni halmashauri fulani ya mkoani. Nyuma yao wamejipanga wanafunzi ambao hawalipwi na mtu. Wao ndio wenye kulipa ada. Mgonjwa anajua jambo moja tu, kwamba yuko Muhimbili.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963 chini ya Wizara ya Afya, na kwa nini ilihitajika halikuwa swali: Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na madaktari 12. Mwaka 1968 shule ikawa kitivo cha chuo kikuu, na mwaka 1976 kitivo hicho kikaunganishwa na hospitali kuwa taasisi moja, Kituo cha Tiba Muhimbili, ambacho wengi walikiita MMC. Kitivo kikapandishwa kuwa chuo kishiriki mwaka 1991. Mwaka 2000 Bunge likaivunja MMC, hospitali ikaenda zake na chuo kikaenda zake. MUHAS kama chuo kikuu kamili kilizaliwa mwaka 2007.

Kwa hiyo tumejaribu kuunganisha na tumejaribu kutenganisha, na kila upande bado una watetezi wake.

Wanaoukumbuka muungano kwa wema wana hoja nzito. Udaktari haufundishiki ubaoni. Anayefundisha kusikiliza moyo lazima awe na mgonjwa wa kumsikiliza, na awe na mamlaka juu ya namna mgonjwa huyo anavyohudumiwa. Hospitali ikiwa na bosi wake, profesa anaingia wodini kama mgeni: anaweza kushauri, lakini hawezi kumwajibisha muuguzi aliyechelewesha dawa wala kuamua kipimo kipi kinunuliwe. Wanafunzi nao wanakuwa msongamano wa kuvumiliwa, wakati wao ndio watakaokuwa madaktari wa wodi hiyohiyo kesho kutwa.

Upande wa pili unajibu kwa lugha ya bajeti, na hapo ndipo mimi ninapoanza kushawishika. Katika taasisi moja yenye fungu moja, darasa na maabara ya wanafunzi vinashindana na oksijeni, damu na chakula cha wagonjwa. Mashindano hayo yana mshindi mmoja kila mwaka, na ni haki yawe hivyo. Nani atamwambia mgonjwa asubiri ili hadubini zinunuliwe? Miaka ya 1990 fedha za umma zilikuwa zimekauka kiasi kwamba mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Kuipa hospitali bodi yake na hesabu zake kulifanya iwezekane kuuliza hela imekwenda wapi, na kumpata wa kujibu. Chuo nacho kilipata nafasi ya kupanga shahada mpya bila kuomba ruhusa kwa mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Kisha ikaja Mloganzila. Hospitali hii yenye vitanda zaidi ya 500, iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ilifunguliwa mwaka 2017 ikiwa ya MUHAS. Hatimaye chuo kilipata wodi zake chenyewe. Haukupita mwaka mzima. Mwaka 2018 serikali ikaikabidhi kwa Hospitali ya Taifa. Watetezi wa muungano wanasema chuo hakikupewa muda wa kutosha, na muda wenyewe kweli ulikuwa mfupi. Lakini hospitali ya ukubwa ule inataka wahudumu, dawa na matengenezo usiku na mchana, na sioni chuo kikuu chochote cha umma hapa nchini kinachoweza kuibeba kwa fungu la elimu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu KCMC ya Moshi, ambako hospitali na chuo viko chini ya mmiliki mmoja, Good Samaritan Foundation. Ni mfano mzuri, ila mmiliki huyo hana wizara mbili zinazovutana juu ya kichwa chake. Fahari wawili hawakai zizi moja, na Muhimbili fahari hao ni wizara.

Basi sitaki turudi 1976. Ninachokiona ni kwamba kazi ya mwaka 2000 iliachwa nusu. Taasisi zilitenganishwa kwa sheria, lakini saa za kazi za bingwa mmoja anayefundisha na kutibu haziwezi kutenganishwa kwa sheria. Akiwa wodini saa nne asubuhi anamweleza mwanafunzi dalili za ini lililoshindwa, huku akimtibu mwenye ini hilo, yuko kazini kwa nani? Mara nyingi jibu linategemea maelewano ya wakubwa wa pande mbili, na wakubwa hubadilika.

Sasa MUHAS inajenga kampasi Kigoma, ambako hospitali kubwa iliyopo ni Maweni, ya rufaa ya mkoa, chini ya Wizara ya Afya. Swali la Mwaisela linahamia huko. Nani atamlipa bingwa wa Maweni kwa saa anazofundisha, nani atapima utendaji wake, na wanafunzi wangapi wataruhusiwa kukizunguka kitanda kimoja? Wizara hizo mbili ziandikiane mkataba wenye majibu hayo kabla kundi la kwanza halijaingia wodini.