Mgongo Upendeze kwa Nani?

Nasema hivi: mtu yeyote anayeleta laptopu kwa fundi na kusema "nimeshaifungua kidogo" apite kwanza polisi akaandike maelezo.

Leo hapa Majengo, Dodoma, jua halijapanda na upepo tayari unahamisha vumbi la barabara yote kuja mezani, kaingia mzee mmoja mstaafu, koti safi, kiroba cha sembe mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Humu kuna laptopu. Nikiwasha naenda kuoga, narudi, bado inazunguka. Niongezee GB."

Nikaitoa kwenye kiroba. Kona ya kava imetafunwa.

"Nilijaribu kidogo kwa kisu cha mama yako. Skrubu zote nimetoa, imegoma. Kiwandani waliweka gundi."

Mimi ni mtu wa heshima, sikusema neno. Nikainua ule mpira wa mguu wa nyuma kwa kucha: skrubu. Mguu wa pili: skrubu. Nikachomoa kile kisanduku cha DVD, na pale kilipokuwa, skrubu nyingine fupi, imetulia kabisa.

"Walizificha?"

"Walizificha, mzee."

"Kwa nini?"

"Ili ipendeze."

"Mgongo upendeze kwa nani?"

Sasa hapo unajibu nini? Nikachukua kadi ngumu ya laini ya simu, nikaipitisha ukingoni taratibu, tak, tak, tak, vile vimeno vya plastiki vikaachia kimoja kimoja. Kisu hakina kazi hapa, kinakata vimeno, halafu kava halikai tena. Na kava likiachia usilinyanyue kwa pupa, maana zipo laptopu ambazo kuna waya bapa umeunganisha kava na madabodi, ile bodi kuu. Ukiukata huo, kuongeza GB kunageuka msiba.

Skrubu nazibandika kwenye karatasi niliyochora umbo la kava, kila moja mahali pake. Mzee anauliza mbona nachora kama mtoto wa chekechea. Mzee wangu, hazilingani urefu! Ile ndefu ukiipeleka kwenye tundu la fupi, inatokeza juu pale unapoegesha kiganja.

Kisha betri. Unachomoa plagi yake kwanza, umeshika kichwa cha plagi, si nyaya, halafu unabana kitufe cha kuwashia kama sekunde 15 umeme uliobaki uishe. "Si imezimwa?" Imezimwa, ndiyo, lakini betri bado inalisha madabodi, na skrubu moja ikidondoka humo umenunua madabodi nyingine.

Ndani sasa. Vumbi la Dodoma lote limehamia kwenye feni, ungepanda mzabibu ungeota. Ndiyo maana inachemka na kujipunguza kasi yenyewe. Brashi laini, na unapopuliza shika mapanga ya feni kwa kidole, yasizunguke ovyo yakaua beringi.

RAM, ile kumbukumbu ya kazi mzee anayoiita GB: kipande kimoja cha 4GB, aina ya DDR3L, na nafasi ya pili tupu. Nikafurahi. Hapo ndipo mzee akatoa kitu mfukoni, kimefungwa kwenye leso.

"Mpwa wangu wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kanipa. 8GB."

DDR4, kizazi kingine cha RAM. Meno 260, wakati soketi hii ina 204. Umeme wake volti 1.2, hii inataka 1.35. Hata kile kikato cha katikati kimewekwa pengine makusudi, ili mtu asidanganyike.

"Sukuma kidogo, itaingia."

"Haisukumwi, mzee wangu."

"Lete nikuonyeshe."

"MZEE, TOA MKONO!"

Duka zima kimya. Nikaomba radhi. Nikatafuta DDR3L, nikaiingiza kwa kuilaza upande mpaka meno ya dhahabu yakazama, nikaibonyeza chini, vibanio vikalia pande zote mbili. Nguvu haikuhitajika.

Ila RAM peke yake isingemsaidia. Mgonjwa mkubwa alikuwa hadidiski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Nikamwekea SSD, hifadhi isiyozunguka, ya inchi 2.5. Unene wake milimita 7 na ile ya zamani 9.5, kwa hiyo unaweka kipande cha plastiki chini isichezecheze. Mafaili unayanakili kabla, kwa kebo ya USB, na uangalie yasizidi ukubwa wa hiyo mpya.

Na huyu ana bahati. Binti aliyemtangulia kanunua kimashine chembamba, hifadhi 64GB imechomelewa kwenye madabodi, RAM nayo imechomelewa. Dada yangu, hapo unafungua uone nini? Kaka mwingine kaja na SSD ya NVMe kwa soketi ya SATA, aina mbili zisizoelewana, kaondoka kanuna. Wa tatu anadai Windows 11 kwenye prosesa ya enzi za Kikwete kwa sababu Windows 10 iliachwa Oktoba 2025, kana kwamba ni mimi niliyeiacha.

Jioni tumewasha. Imewaka mzee hajamaliza kuvaa miwani.

"Mbona haraka hivi? Umetoa nini humu?"

Kanihesabisha skrubu zote. Kadai hadidiski yake ya zamani, sawa, ni haki yake. Kisha kalipa kwa noti za elfu kumi na anadai chenji, mimi sina, na mama wa chapati chenji yake kamwachia bodaboda, na bodaboda anasema yuko Mtumba na abiria, nisimpigie pigie simu akiendesha.