Nguvu upande gani?

Mwandishi, umesema alumini iliyotiwa nyuzi za kaboni zilizofumwa ina nguvu kuliko chuma, ukaishia hapo. Nguvu upande gani? Kitu kilichofumwa hakina nguvu moja. Vuta mkeka kufuata ukindu unavyokwenda, hausogei. Uvute kwa mshazari uone unavyojipinda. Ndiyo maana maabara hukata vipande vya digrii 0, 45 na 90 kutoka uelekeo wa nyuzi, kila kimoja kinavutwa peke yake mpaka kikatike. Ukipewa namba moja tu, uliza ni ya digrii ngapi.

Joto nalo hukuligusa kabisa. Alumini iliyoyeyuka ikikaa na kaboni hutengeneza kabidi ya alumini, kitu kinachovunjika kirahisi na kuliwa na unyevu. Sasa mpe fundi wetu wa Unga Limited, Arusha, aichomelee kama anavyochomelea rimu ya Noah! Ataua nguvu yake palepale anapoziba. (Natania, ila si sana.)

Hesabu za kompyuta zinasaidia: unachora kipande kidogo cha mfumo wa nyuzi unaojirudia, mashine inakokotoa kilichobaki. Lakini michoro mingi huchukulia nyuzi zimeshikana na alumini sawasawa, bila tundu hata moja la hewa. Kipande halisi kina matundu, na nyuzi zenyewe zimepinda zinapopishana.

Wala kutia nyuzi kwenye alumini si teknolojia ya jana. Toyota walitia nyuzi za kauri kwenye pistoni za alumini za injini za dizeli mwaka 1983, tena eneo la ringi tu, si pistoni nzima.