Kukiri kituoni bado si ushahidi

Mwandishi wa habari tunayoijadili hapa anasema mshukiwa wa uhalifu "amekiri yote" katika kituo cha polisi, na nusu ya waliotoa maoni wameshamhukumu. Polepole jamani. Kwa Kenya, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema ungamo, yaani maelezo ya kukiri kosa, halikubaliki mahakamani mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo. Tena awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe, awe wakili au hata shangazi yake.

Kanuni za 2009 kuhusu maungamo ya nje ya mahakama zinaongeza: aulizwe anataka lugha gani, aelezwe haki ya kuwa na wakili, asiwe amelewa wala kushurutishwa. Maelezo yakishaandikwa, apewe nafasi ya kurekebisha au kuongeza, ndipo atie sahihi.

Yanapoharibikia ni palepale mwanzoni. Mpelelezi anaandika mwenyewe, kwa Kiingereza, maneno ya mtu aliyeongea Kikamba, na shahidi ni askari wa zamu. Wakili akipinga, inasikilizwa kesi ndogo ndani ya kesi, na ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba hakulazimishwa. Wakishindwa, karatasi inatupwa, na kama hawakutafuta alama za vidole wala rekodi za simu, kesi imekwisha. Aliyepigwa husema lolote ili kipigo kikome, ikiwemo kumtaja jirani asiyehusika.

Kwa hiyo mhariri atueleze: maneno hayo yalichukuliwa na nani, na nani mwingine alikuwepo?