Bweni la darasa la tatu na simu ya Jumapili

Kuanzia Machi 2023 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Hoja ya Kamishna wa Elimu ilikuwa kwamba katika umri huo mtoto anahitaji malezi ya wazazi wake. Wazazi waligawanyika papo hapo.

Waliopinga hawakuwa wazembe, kama walivyosemwa mitandaoni. Muuguzi anayelea peke yake na kuingia zamu za usiku amwachie nani mtoto wa miaka saba? Dada wa kazi aliyefika wiki iliyopita? Bweni lina mlo, uzio na matroni. Tena wapo watoto ambao hatari iko hukohuko nyumbani. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto, kituo cha Buhangija, Shinyanga, kiliwapokea watoto ambao familia zao hazikuweza kuwalinda. Ukiwahubiria hao mapenzi ya mama unawakejeli.

Hata hivyo naunga mkono marufuku, na sababu yangu ni simu ya Jumapili. Aliyewahi kupeleka mtoto mdogo bweni anaijua. Matroni anapiga, anaweka spika, anasimama palepale huku foleni ikisubiri.

“Hujambo mwanangu?”
“Sijambo. Shikamoo mama.”
“Marahaba. Unakula?”
“Ndiyo.”
“Kuna anayekusumbua?”
“Hapana.”

Simu inakatwa, mama anamshukuru Mungu. Lakini mtoto wa miaka minane, hata angekuwa peke yake na simu, ni nadra akuambie ana huzuni. Mwili ndio unaosema: anaanza tena kukojoa kitandani, tumbo linamuuma bila homa, anasusa chakula alichokuwa akikigombania, anashtuka usiku. Dalili hizo huzisoma mtu anayejua mtoto huyu juzi alikuwaje. Matroni wa watoto arobaini atazijulia wapi, hata awe na huruma kiasi gani? Na godoro lililolowa likianikwa uani mbele ya wenzake, hofu inaongezewa aibu.

Tatizo ni kwamba marufuku ilimrudisha mtoto nyumbani, haikumrudisha mzazi. Dar es Salaam basi la shule humbeba mtoto saa kumi na moja alfajiri, bado anasinzia, likamrudisha jioni. Baba anaingia saa tatu usiku na swali lake ni moja: umekuwa wa ngapi? Mtoto huyo analala kwao, ila anaishi bweni.

Halafu kuna wakubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na wengi wa umri huo wameshavuka darasa la nne. Kwao sitaki marufuku nyingine. Wapo wanaopumua vizuri zaidi wakiwa mbali na ugomvi wa nyumbani. Ningeuliza jambo moja tu kabla ya kulipa ada: mtoto anaweza kuzungumza na mzazi bila mtu kusikiliza? Shule nyingi zitajibu kwamba simu zinavuruga nidhamu, na kwa simu za mfukoni ni kweli. Simu ya shule, chumba kimoja, dakika kumi, mlango umefungwa: hapo nidhamu inavurugika wapi?