Gonga Meza, Watakujibu kwa Sufuria

Chuoni wanafundisha kwamba darasa likipiga kelele, mwalimu agonge meza. Haya, ingia na ujuzi huo kwenye chumba cha mapishi hapa Kigoma, wanafunzi 48, majiko manane ya mkaa, kila kundi na sufuria na mwiko wake. Gonga meza sasa. Watakujibu kwa sufuria! Inua mkono, nyamaza, simama pale pale mpaka wa mwisho akuone. Inachosha, ndiyo, lakini koo litabaki.

Halafu nani aliwadanganya hawa walimu wa mazoezi kwamba moto hujiwasha? Andalio la somo linasema "utangulizi dakika 5, kupika dakika 50". Mkaa wenyewe unataka dakika 15 hadi 20 kushika, na ukinywa unyevu wa masika ndiyo usiulize. Vipindi viwili ni dakika 80 tu. Ukiwasha baada ya kengele, robo ya somo ni kupepea kwa madaftari, tena madaftari ya watu wengine. Wa zamu wawashe mapumziko, na wawashie nje, maana ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na haipigi hodi. Makaa yakishakolea ndipo majiko yaingie, madirisha na milango wazi muda wote.

Na hili la "kaeni sita sita", sita sita ya nini? Wawili wanapika, wanne wanaonja. Kila mtu apewe kazi kabla hajaona chakula: mpishi, msaidizi, wa moto, wa vifaa, mtunza saa, mwosha vyombo. Wiki ijayo zizunguke, la sivyo mwosha vyombo atakuwa yule yule mpole mpaka amalize kidato cha nne. Maelekezo yote yaishe kabla kisu hakijatoka kabatini. Visu vimetoka vinane, virudi vinane, na vihesabiwe kabla ya kengele, kwa sababu baada ya kengele unahesabu hewa.

Pishi nalo! Mtu anachagua maandazi ya hamira. Unga ukae karibu saa nzima kuumuka, utayakaanga kesho? Kuna dagaa hapa ziwani, jamani. Kundi moja: dagaa wakavu robo kilo, nyanya tatu, kitunguu kimoja, mawese vijiko vitatu vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai. Toa vichwa, loweka kwenye maji ya moto, kisha watoe kwa mikono. Usimimine maji pamoja nao kwenye chujio, kwa sababu mchanga uliotulia chini utawarudia wote. Rudia mpaka chini ya bakuli pawe safi.

Chumvi ndiyo balaa. Kila anayepita anatia kidogo, kwa huruma. Mmoja tu ashike chumvi, wengine wapite na huruma zao.

Mawese yapate moto wa wastani. Yakianza kutoa moshi mzito, darasa zima linakohoa na nusu yake iko dirishani inachungulia uwanja wa mpira. Yakishika moto, funika sufuria kwa mfuniko na uiache hapo hapo, usibebe, usimwage maji. Aliyeungua apoze kwa maji yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno. Na hizo shati nyeupe? Bila aproni, rangi ya mawese itamaliza muhula nazo, na mzazi atakuja kukutafuta wewe, si mkuu wa shule.

Mwalimu naye asiinamie jiko moja kuwaonyesha kukoroga huku amewapa mgongo makundi mengine saba. Mgongo ukutani, macho kote. Dakika 15 za mwisho ni za usafi, na hapo mtaona maajabu: wapishi wote wanaitwa ofisini ghafla. Sufuria ya mawese haikubali maji baridi, itateleza tu, kwa hiyo birika la maji ya moto likae jikoni tangu dagaa wanaiva. Mwalimu wa hisabati anaingia kipindi kinachofuata, anafungua madirisha yaliyo wazi tayari, anauliza nani kapanga ratiba hii.