Kufanana kwa DNA kunatuonyesha vidhibiti vya jeni, ila si vyote

Sehemu ya DNA yetu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini haifiki asilimia 2. Katika kilichobaki vimetawanyika vidhibiti vya jeni: vipande vinavyoamua jeni ipi iwake, kwenye kiungo gani, wakati gani. Kwa kuwa havina alama bayana, watafiti hulinganisha DNA ya binadamu na ya wanyama wengine. Kipande kilichopita mamilioni ya miaka bila kubadilika, wanasema, lazima kina kazi.

Hoja hiyo ina uzito. Tazama kipande kiitwacho ZRS. Kiko karibu herufi milioni 1 (herufi ni kipashio kimoja cha mnyororo wa DNA) mbali na SHH, jeni inayoongoza uotaji wa mikono na miguu, tena kimejificha ndani ya jeni nyingine kabisa. Nani angekitafuta huko? Lakini binadamu, panya na hata samaki wanacho. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walikiondoa kwa panya, na sehemu za chini za miguu yao hazikuota. Kwa binadamu, herufi moja tu ikibadilika humo, mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vya ziada.

Wanaopinga hukumbusha jaribio la mwaka 2007: vipande vinne visivyobadilika hata kidogo viliondolewa, na panya wakaishi na kuzaa. Mimi halinitikisi sana. Maisha ya maabara si ya porini, na mwaka 2018 panya walioondolewa vipande vya aina hiyo walionekana na kasoro za ubongo.

Kinachonisumbua ni kuigeuza hoja, kwamba kisichofanana hakina kazi. Wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania humeng'enya sukari ya maziwa hata utu uzimani kwa sababu ya herufi moja iliyobadilika takriban herufi 14,000 kutoka jeni ya laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari hiyo. Badiliko hilo, lililotangazwa mwaka 2007, lina umri wa miaka elfu chache tu. Ungelinganisha binadamu na panya hadi kesho usingelipata. Lilipatikana kwa kulinganisha watu na watu.

Kwa hiyo mgonjwa anapokutwa na badiliko la DNA, nakataa liwekwe kando eti wanyama wengine hawana kipande hicho. Lijaribiwe kwanza kwenye seli za kiungo kinachougua, na lilinganishwe na DNA ya watu wa jamii yake, ambayo kwa Afrika bado imesomwa kidogo mno.